Kakistari Kwenye Dashibodi ya Babu

Mmeniuliza kwenye grupu, mmeniuliza mazoezini, na Neema amenifuata mpaka dukani nimeshika mkate mkononi, anataka kujua ilikuwaje nikaonekana Gerezani naosha masufuria ya watu. Naandika mara moja, kila mtu asome. Atakayeuliza tena nitamtoza soda.

Na msianze kunibishia kuhusu neno safari. Ukizinyoosha kilomita zote tulizotembea siku ile, kumi na tano hazifiki. Lakini tuliondoka saa tatu asubuhi tukarudi inagonga saa kumi jioni. Kuna watu muda huohuo walishafika Dodoma, wakaoga, wakalala.

Upanga: mzee na arobaini yake

Gari la Babu lina umri wa kutuzidi mimi na mdogo wangu tukijumlishwa. Kwenye dashibodi, pembeni ya saa, kuna namba ndogo ya kijani inayosema nje kuna joto kiasi gani. Siku zote husoma thelathini na kitu, kwa sababu hii ni Dar. Mwezi uliopita Babu alikuwa anamkwepa mtu wa bajaji, akapanda ukingo wa mtaro, bampa la mbele likagonga chini. Tukacheka, tukaendelea na maisha.

Tangu siku ile mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Namba ikawa arobaini, na AC ikaanza kutupulizia hewa kama pumzi ya mtu mwenye homa. Babu akaunganisha mwenyewe: joto la mwaka huu limezidi, AC imeshindwa. Kila jioni kwenye kahawa akawa anawatangazia wazee wenzake kwamba leo tena imegonga arobaini kamili, na wazee wanatikisa vichwa na kukubaliana kwamba dunia imefika mwisho. Fundi wa jirani akaitwa, akaiona arobaini, akafungua boneti, akasema kompresa imekufa, tuzike.

Hapo ndipo Bibi alipoingia. Jumamosi walitakiwa kwenda Tanga kumwona kitukuu wao wa kwanza, na Bibi akasema kwenye tanuri lile haingii. Atapanda basi, Babu abaki na mke wake wa bati. Babu kwa hasira akatoa neno mbele ya watu: Alhamisi ikifika saa kumi jioni AC haijafanya kazi, dalali aje alichukue gari. Dalali alikuwepo pale pale kibarazani. Hakuna mtu aliyewahi kuinywa kahawa yake kwa furaha kama ile.

Jumatano jioni nilikuwa nimejificha ndani ya gari na simu, maana pale hakuna anayekuona akakutuma nyanya. Nikawa naiangalia ile arobaini. Mbele yake kulikuwa na kakistari. Kadogo, kama uchafu. Nikakasugua na kidole, hakatoki.

Wanangu, ile haikuwa arobaini. Ilikuwa hasi arobaini.

Nikamkimbilia Babu. Akaniambia kale kakistari anakajua, ni mchubuko wa kioo. Nikamweleza vile tulivyosoma kwenye Fizikia, ile siku mliyokuwa mnalala: kuna kidude kinachopima joto, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kinavyozidi kuubania umeme. Waya wake ukikatika, umeme haupiti kabisa, kwa hiyo gari linaamini nje kuna baridi ya kuua. Na gari linaloamini nje ni barafu haliwashi AC, linakuona wewe ndiye kichaa. Kompresa haijafa. Inatii uongo tu.

Shida ni kwamba mwenye kueleza nilikuwa mimi. Mwaka jana mimi ndiye niliyemwambia Bibi kwamba siku hizi chuma cha vitumbua kinakatiwa leseni, akakificha uvunguni siku mbili. Kwa hiyo alipotusikia alitoka jikoni akiwa ameshajiandaa. Kwa ambao hawana bibi wa pwani: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, ni utani, msishangae.

"Mume wangu," akasema, "leo umetuletea uongo wa wapi?"

Nikamgeukia Babu. "Babu, safari hii sitanii."

Akaniangalia muda mrefu, vile mtu anavyoliangalia embe asijue limeiva au limepigwa dawa. Halafu akasema kesho saa tatu niwe nimeshaoga.

Upanga mpaka Msimbazi: ugonjwa wa salamu

Kutoka kwetu mpaka Kariakoo unaweza kutembea kwa miguu ukiwa unakula karanga, na karanga zisiishe. Sisi tulitumia saa moja na nusu, na foleni ilikuwa na lawama nusu tu. Nusu nyingine ni ya Babu.

Babu alifanya kazi reli miaka mingi na anamjua kila mtu mwenye mvi kati ya Upanga na Kamata. Kila tulipopata nafasi ya kusogea alisimama. Mzee wa viatu, salamu. Mzee wa magazeti, salamu, na habari za mguu wake. Mzee mmoja alikuwa upande wa pili wa barabara, mabasi ya mwendokasi yanapita katikati, na bado wakaulizana habari za watoto mpaka mjukuu wa mwisho huku nyuma yetu watu wanapiga honi kama harusi. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema shikamoo. Nilihesabu shikamoo kumi na tisa kabla hatujaiona Mnazi Mmoja.

Nilikuwa na daftari na kalamu sikioni, naandika namba ya dashibodi kila kituo kama mwanasayansi. Ukurasa wote umejaa hasi arobaini. Vioo vyote chini, jasho linanitoka mpaka kwenye kope, na gari linadai tuko kwenye barafu.

Msimbazi tukakwama kabisa. Babu akanunua juisi ya miwa vikombe viwili, akanywa vyote viwili, akaniambia mwanasayansi hanywi kazini.

Kariakoo: kwa Mangi

Duka la spea tulilolilenga ni la Mangi mmoja, mtu wa Kilimanjaro, ambaye ana chumba chembamba kimejaa taa, vioo na milango mpaka yeye mwenyewe anaingia kwa ubavu. Nilimweleza tatizo. Akatoka nje, akainama dirishani, akaisoma namba kwa sauti.

"Hasi arobaini," akasema. "Mzee wangu, mimi kwetu mlima ule nauona nikiwa kitandani. Na huko juu kabisa kwenyewe hakufiki hivi."

Wanangu, mtu mzima amekaona kakistari. Nilitamani kumkumbatia. Babu akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akakiangalia kioo chake kwa mara ya kwanza kama gari la mtu mwingine.

Mangi akasema ninachokitafuta kinaitwa sensa ya joto la nje. Akazama dukani, tukasikia vyuma vinaanguka, akatoka na kitu cheusi ukubwa wa punje ya korosho, amekichomoa kwenye bampa la gari kama letu. Akanionyesha mahali kinapokaa, nyuma ya bampa, chini ya shoo, ule wavu wa mbele ya gari. Nikalala barabarani Kariakoo saa sita mchana, watu wananiruka na mizigo kichwani, mmoja akaniuliza kama nauza. Nikachomoa ya zamani, nikachomeka mpya. Nikainuka nimejaa vumbi, nikawasha.

Hasi arobaini.

Nikazima, nikawasha. Hasi arobaini. Babu akaangalia saa yake ya mkono tu. Kule kuangalia saa kuliniuma kuliko angenitukana. Niliona kabisa saa kumi, dalali anakaa kwenye kile kiti, anasogeza kioo cha Babu.

Mangi ndiye aliyetutoa hapo. Alisema sensa ni nzima, anaiamini, tatizo litakuwa waya unaoifuata, na waya za namna hiyo kuna mtu mmoja tu: Shabani, fundi waya, Gerezani, karibu na magenge ya chakula. Akampigia simu. Haipatikani.

Gerezani: sensa ya watu

Ukifika Gerezani ukiuliza fundi, kila mwenye bisibisi ni fundi. Ukiuliza Shabani, kila mwenye bisibisi ni Shabani. Shabani wa kwanza alikuwa wa breki. Wa pili alikuwa wa rangi, na alisema waya pia anaweza kuupaka rangi. Saa saba ikapita. Babu akabaki kwenye gari chini ya kivuli cha ukuta, mimi nikaingia kichochoroni peke yangu.

Mbele nikaona mama mmoja mnene anapakua wali, na mafundi kama sita wamekaa kwenye mabenchi. Nikasema mama kama huyu anawajua wote. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Nilikuwa na daftari mkononi, kalamu sikioni, shati la shule nimelichomekea ingawa ni likizo. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia kwa adabu zote:

"Samahani mama, nimekuja kwa ajili ya sensa."

Yule mama akaweka upawa chini. Akafuta mikono kwenye kanga. Akasema afadhali mmekuja, maana mara ile walimruka, karani alihesabu nyumba ya mbele na ya nyuma, yeye akaachwa kama si raia.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Naapa nilifungua. Ila mdomo wangu mnaujua.

"Basi leo hatukuruki," nikasema. "Kaya ina watu wangapi?"

Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Yeye mwenyewe, Mama Shabani, mama lishe. Mimi sikushtuka, niliandika tu jina likapita. Dada yake, mshonaji. Mabinti wawili wanasoma. Bibi mmoja kipofu aliyetaka niandike kwamba ana miaka mia, nikaandika. Mafundi kwenye mabenchi nao wakataka kuhesabiwa, nikawaambia wao wahesabiwe kwao, wasiiharibu nchi. Mama akaendelea: na mwanangu mkubwa, amelala hapo nyuma, usiku alikuwa na kazi.

"Jina?" nikauliza.

"Shabani."

"Kazi yake?"

"Fundi waya. Magari."

Kalamu ikanidondoka. Nilimtafuta mtu yule saa nzima, na hapa nilikuwa nimeshamwandika mstari wa sita.

Ikabidi nikiri. Nikamweleza kwamba sensa yangu si ya watu, ni ya gari, nikaitoa ile ya zamani mfukoni nikamwonyesha. Mafundi walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mama Shabani hakucheka. Alinishika sikio, lile la kalamu, akanipeleka mpaka kwenye karai la vyombo. Akasema mwanawe ataamshwa na gari litatengenezwa, lakini serikali itaosha masufuria kwanza.

Kwa hiyo ndiyo, Neema, mliyemwona ni mimi. Niliosha masufuria manne na sahani sijui ngapi, na kila fundi aliyemaliza kula aliniletea sahani yake mkononi huku ananiita mheshimiwa karani. Nilipomaliza Mama Shabani alinipakulia wali maharage na kipande cha samaki kizima, akakaa pembeni kuhakikisha nakimaliza. Babu naye alishaletewa sahani kwenye gari. Tayari alikuwa amegundua kwamba yeye na marehemu baba yake Shabani walikuwa wote reli.

Shabani ni mtu wa maneno machache na macho ya usingizi. Alitoa bampa, akaupapasa waya kwa vidole bila hata kuuangalia, kama anatafuta mshipa. Kidole kikasimama. Pale bampa lilipogonga mtaro, chuma chake kiliubana waya, ukakatika ndani kwa ndani huku ganda la nje limeshikana. Chumvi ya hewa ya huku ikamalizia, shaba imekuwa ya kijani. Akaukata, akauunga, akauchoma lehemu, akauvika mpira. Dakika kumi.

Babu akawasha. Mimi sikuthubutu kuangalia. Nikasikia Babu anasoma taratibu.

"Hasi arobaini."

"Imepona," Shabani akasema, anafuta mikono. "Ila yenyewe haijajua kama imepona."

Akatueleza. Gari likisimama, joto la injini linakuja mbele na kuidanganya sensa. Kwa hiyo waliolitengeneza waliliambia lisiamini joto likiwa limesimama. Namba haipandi mpaka gari liwe linatembea na upepo unapita. Inapanda polepole. Ikishapita sifuri na kuiacha mbali kidogo, AC itawaka yenyewe.

"Kwa hiyo tembeeni," akamaliza. "Msisimame tu."

"Msisimame," Babu akarudia. "Dar es Salaam." Na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ilikuwa saa tisa kasoro.

Gerezani mpaka Feri: kupanda mlima

Babu hakurudi njia ya Kariakoo. Alisema njia isiyosimama ni ya baharini: Stesheni, Kivukoni, Feri, halafu Ocean Road mpaka nyumbani. Mimi macho kwenye namba, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Stesheni ikasoma hasi thelathini na sita. Nilipiga dashibodi, Babu akanikanya. Kivukoni ikawa hasi ishirini na mbili. Pale kwenye mzunguko, rafiki mmoja wa Babu alisimama kabisa barabarani, mkono juu, meno yote nje. Nikamwangalia Babu. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Akampita yule mzee bila salamu, akaangalia mbele kama askari, akanong'ona "Mungu anisamehe." Hasi kumi na nne. Huo ndio ushujaa mkubwa nilioushuhudia kwa macho yangu.

Hasi tisa ndipo tulipofika Feri, na pantoni lilikuwa limetoka kushusha. Watu, baiskeli, mikokoteni, ndoo za samaki, wote mbele yetu. Tukasimama. Namba nayo ikasimama. Dakika tano, dakika kumi. Hasi tisa. Saa tisa na robo.

Muuza pweza akaja na sinia lake dirishani. Babu, ambaye presha ikimpanda lazima ale, akachukua vijiti viwili. Yule jamaa akaiona namba, akauliza ndiyo nini. Nikamjibu ni joto la nje. Akaangalia jua, akaangalia jasho langu, akawaita wenzake waje waone gari la mzee liko Ulaya. Wakajaa. Mmoja akaingiza mkono ndani kupima kama kuna baridi. Babu akawa anawaeleza habari yote huku anatafuna, kakistari, sensa, waya, kila kitu sawasawa kabisa, kama yeye ndiye aliyegundua. Nikamwacha aendelee. Ila mwishoni nikamsikia anasema, "Huyu hapa, mjukuu wangu, ndiye aliyekaona." Nikaangalia baharini kidogo.

Mwenye kutuokoa alikuwa huyohuyo wa pweza. Alipoelewa kwamba hatutakiwi kusimama aliweka sinia juu ya boneti ya mtu, akatangulia mbele akipunga mikono, anawafukuza watu njiani. Sisi nyuma yake mwendo wa mtu anayetembea haraka, mpaka barabara ikafunguka.

Ocean Road mpaka nyumbani

Babu akakanyaga mafuta. Hasi sita. Bahari kulia, upepo unaingia madirisha yote. Hasi tatu. Hasi moja. Halafu sifuri, na kakistari hakapo. Kamefutika kama hakajawahi kuwepo.

Mbili. Nne. Saba. Nikaanza kuogopa upya, maana hewa bado ilikuwa ileile ya homa. Kwenye tisa kitu kikagonga chini ya boneti, tk, injini ikapunguza sauti kidogo kama mtu aliyebebeshwa mzigo, na kwenye goti langu la kushoto nikasikia baridi.

Babu akapandisha vioo, kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, bila haraka. Kelele zote za mji zikabaki nje. Akaendesha hivyo, mzee amekaa wima, na nikaona jasho linamkauka usoni.

Tuliingia getini saa kumi kasoro dakika nane. Dalali alikuwa ameshafika na mteja wake, wamekaa kibarazani wanaangalia saa. Bibi alikuwa kwenye ngazi na pochi yake, amekunja uso. Namba ilisoma thelathini na mbili. Babu akashusha kioo chake kidogo akamwambia Bibi aingie.

Bibi akaniangalia mimi. Alikuwa anakitafuta kicheko usoni mwangu, na nilijitahidi sana kisiwepo. Akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akanitoa kwa ishara ya kidole, akakaa. Akafunga mlango mwenyewe. Nje tukabaki watatu, mimi, dalali na mteja, tunamwona kupitia kioo. Alikilaza kiti nyuma, akafumba macho, akauelekeza mkono wake kwenye tundu la hewa.

Dalali akasubiri. Akagonga kioo kwa adabu. Akagonga tena. Mara ya tatu Bibi akafungua upana wa vidole viwili.

"Baba, sema haraka," akasema. "Baridi inatoka."

Dalali akaanza kueleza habari za neno alilotoa mzee. Kioo kilishapanda.

Jumamosi alfajiri tuliianza njia ya Tanga, Bibi mbele, mimi nyuma nimejifunika kanga mpaka masikioni, meno yanagongana. Kufika Chalinze nikamwomba Babu apunguze AC. Aliyejibu ni Bibi, na hata hakugeuka.

"Mume wangu, si wewe uliyeitafuta?"